Shajara ya roshani: mboga mwaka mzima ghorofa ya tatu, Portland, Maine

Mahali penyewe ni roshani ya mbao, ghorofa ya tatu, inayotazama kusini. Urefu mita 3.6, kina mita 1.2, na juu yake kuna roshani ya jirani, mita 2.4 kutoka sakafuni. Portland, mji wa jimbo la Maine, Marekani, iko nyuzi 43.7 kaskazini, ufukweni mwa Atlantiki, na upepo wa ghuba ya Casco hauna adabu. Lengo ni mboga za majani kuanzia mwisho wa Aprili hadi Desemba bila kukatika, na kitu kidogo cha kuchuma Februari.

Mbegu zimefuata sufuria za wasema Kiswahili wa hapa, ambao wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda: sukuma wiki, mchicha (kwa watu wa Goma na Bujumbura ni lengalenga), matembele, mnavu, dania, spinachi, kitunguu cha majani, pilipili, na nyanya mbili tatu. Sombe, yaani kisamvu, haimo. Muhogo unataka miezi ya joto ambayo Maine haina, na kisamvu cha kugandishwa kinauzwa madukani.

Joto lote humu ni la Selsiasi. Vipimajoto vya huku husoma Farenhaiti. Yatosha kukumbuka kwamba 32 yao ni sifuri yetu, na 50 ni 10.

Februari 8

Rafu ya taa imefungwa sebuleni. Rafu ya chuma ya sentimita 120, taa mbili za LED nyeupe za wati 40 kila moja, zile za kawaida za gereji. Taa za zambarau hazina lolote la ziada kwa miche. Zimening'inizwa kwa minyororo ili zipandishwe mche unavyorefuka. Umbali ni sentimita 15 kutoka ncha ya jani. Taima imewekwa saa 15 kwa siku. Hesabu ya umeme: wati 80 kwa saa 15 ni uniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi.

Tarehe haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa latitudo hii mchana huwa chini ya saa 10 kuanzia karibu Novemba 5 hadi Februari 5, na katika miezi hiyo mboga hazikui hata zikikingwa baridi. Aliyezoea saa 12 za Ikweta, Januari sawa na Julai, hapa ndipo anapopotea: anapambana na baridi, kumbe kinachoamua ni mwanga.

Mfano ni kitunguu. Red Creole inayolimwa sana Afrika Mashariki ni ya siku fupi. Huanza kuvimba mchana ukifika saa 12 hivi. Huku saa 12 zinafika Machi, mche ukiwa bado kama sindano, na mwisho wake ni kitunguu cha ukubwa wa gololi. Kwa hiyo tumesia kitunguu cha majani, Evergreen, ambacho hakina haja ya kuvimba na kinastahimili majira ya baridi. Pilipili nazo zimesiwa leo juu ya mkeka wa joto, nyuzi 27. Kwenye udongo wa nyuzi 18 mbegu ya pilipili hukaa wiki tatu, au huoza.

Machi 2

Matembele. Njia fupi ni kununua fungu la matembele mabichi katika duka la vyakula vya Kiafrika au Kiasia, kuchagua mashina yasiyonyauka, kukata vipande vya sentimita 20 chini kidogo ya kifundo, kuondoa majani ya chini na kuviweka kwenye gilasi ya maji karibu na taa. Maji hubadilishwa kila siku mbili. Mizizi huonekana ndani ya wiki moja, kisha vipande huhamia kwenye vikopo.

Machi 23

Sukuma imesiwa: aina ya Georgia kwa jani pana, na Winterbor kwa ajili ya baridi. Kina cha sentimita 1, nyuzi 20, imeota siku ya tano.

Trei moja kati ya tatu imekufa. Miche ilisinyaa shingoni, pale shina linapokutana na udongo, ikalala chini kama nyuzi. Huo ni ugonjwa wa ukungu wa udongoni, na sababu zilikuwa tatu kwa mpigo: kifuniko cha plastiki kiliachwa siku nne baada ya mbegu kutokeza, maji yalimwagwa kwa juu, na trei ile ilikuwa karibu na dirisha penye baridi. Kifuniko hutolewa siku mche wa kwanza unapotokeza. Maji hutiwa trei ya chini kwa dakika 20 na yanayobaki humwagwa. Feni ndogo sasa inapuliza mchana kutwa, kiasi cha kutikisa majani tu. Udongo wa trei iliyokufa umetupwa.

Aprili 5 na 6: ndoo

Siku mbili za kazi, na ndiyo sehemu ya mradi inayostahili kuelezwa polepole.

Kwanza uzito. Kanuni nyingi za ujenzi Marekani hukadiria mzigo wa roshani kuwa angalau pauni 40 kwa futi ya mraba, yaani karibu kilo 195 kwa mita ya mraba, lakini roshani kuukuu zina mbao zilizooza na theluji nayo ina uzito wake. Ndoo moja iliyojaa na kulowana ni kilo 20; nane ni 160. Sanduku la majira ya baridi litakuwa kama kilo 130. Jumla 290 kwenye mita za mraba 4.3 ni kilo 67 kwa mita ya mraba, bado watu hawajasimama. Mwenye nyumba ameulizwa na mihimili imetazamwa kwa chini. Ngazi ya kukimbilia moto haiwekwi hata kopo moja, hata kama jirani anafanya hivyo.

Ndoo ni za galoni 5, za chakula, alama namba 2 kitakoni. Maduka ya mikate huzigawa bure, zinanuka vanila mwezi mzima. Mbili mbili huingizwa moja ndani ya nyingine: ya ndani hubeba udongo, ya nje hubeba maji. Kati ya vitako viwili hubaki nafasi ya sentimita 5 hadi 7, sawa na lita 3 na ushei.

Kitako cha ndoo ya ndani kinakatwa tundu la katikati, upana wa kopo la mtindi la nusu lita, kisha kinatobolewa vitundu ishirini vya milimita 6 kwa ajili ya hewa. Kopo linatobolewa ubavuni, linapita kwenye tundu hadi liguse kitako cha ndoo ya nje. Hilo ndilo utambi: udongo uliomo ndani yake unakaa majini na kunyonya kwenda juu. Bomba la plastiki la milimita 25 linapita pembeni kutoka juu hadi chini kwa kujazia maji. Ncha yake ya chini hukatwa mshazari, la sivyo hujikandamiza kitakoni na maji hayapiti.

Tundu la kufurikia, la kutolea maji yaliyozidi ubavuni mwa ndoo ya nje, ndilo linalokosewa. Likiwa juu mno, maji yanagusa kitako cha ndani, hewa inakosekana na mizizi inaoza. Ndoo nyeupe hupitisha mwanga, basi usiku weka tochi ya simu nyuma yake: kivuli cha kitako cha ndani kinaonekana wazi kwa nje. Chora alama kwa kalamu, shuka sentimita 1, toboa milimita 8.

Weupe huohuo unakaribisha mwani kwenye maji, kwa hiyo sehemu ya chini imezungushiwa utepe wa foili. Ndoo nyeusi hazina mwani lakini Julai huchemka.

Udongo wa uani hautumiki. Ni mzito, hushikamana ndani ya ndoo, na katika mitaa yenye nyumba za zamani unaweza kuwa na madini ya risasi yaliyotoka kwenye rangi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, na nyumba nyingi za hapa ni za kabla ya hapo. Anayetaka kulima ardhini apeleke sampuli kwenye maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Maine, Orono.

Mchanganyiko wetu kwa lita 60: piti (mabaki ya mimea ya kinamasi) 30, mboji 15, perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba) 15, chokaa ya shambani gramu 100, mbolea ya chenga ya 5-5-5 gramu 150. Chokaa si hiari, kwa sababu piti ina asidi kali na sukuma haiipendi. Perlaiti ilowanishwe kwanza, vumbi lake linakwaruza koo. Piti kavu hukataa maji kabisa. Ichanganywe na maji ya vuguvugu na ilale usiku mzima.

Ndoo mbili hazikunyonya. Bomba limejaa, mche umenyauka. Zilipofunguliwa, udongo ndani ya kopo ulikuwa umemiminwa bila kushindiliwa na hewa imebaki katikati. Kopo hujazwa kwanza, udongo ukiwa umelowa, na kushindiliwa kwa ngumi.

Kwa wanaotumia kadi ya SNAP, msaada wa chakula wa serikali ya Marekani: inalipia mbegu na miche ya chakula. Udongo, ndoo na mbolea hailipii.

Aprili 20

Sukuma, spinachi na kitunguu vimetoka nje, baada ya siku tisa za kuzoeshwa: saa moja kivulini siku ya kwanza, kuongeza saa moja au mbili kila siku, jua kamili siku ya sita, kulala nje siku ya nane. Mche uliokua chini ya taa ukitolewa ghafla huungua. Madoa meupe kama karatasi hutokea katikati ya jani na hayaponi. Usiku kuna kitambaa chepesi cha gramu 19 kwa mita ya mraba, ambacho hupitisha karibu asilimia 85 ya mwanga na kuongeza nyuzi 2 hivi. Kimebanwa kwa vibanio vya nguo, viwili kila upande. Kimoja hakikutosha.

Mei 17

Mchicha uliosiwa Mei 4 haujatokeza. Kipimajoto kilichozamishwa sentimita 5 asubuhi kinasoma 11. Mchicha unataka udongo wa nyuzi 18 kwenda juu, na udongo wa ndoo hupoa usiku upesi kuliko wa ardhini kwa sababu upepo unazunguka pande zote. Utasiwa upya Juni. Wakulima wa hapa husubiri Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, ndipo watoe nyanya, wana sababu.

Juni 3

Nyanya (Glacier na Stupice, aina za kuwahi), pilipili, mnavu na matembele nje. Mchicha umesiwa, umeota siku ya nne.

Juni 21: jua liko wapi?

Nyanya za ndoo za ukutani zimerefuka bila nguvu na hazina ua. Za kwenye kingo zina vishada. Mwanzoni ilidhaniwa ni mbolea, lakini sababu ni roshani ya juu.

Adhuhuri ya leo jua liko nyuzi 70 juu ya upeo. La utosini halipo huku, lakini hili linatosha kukatwa na sakafu ya jirani. Kutoka ukingo wa sakafu hiyo, mwale wa nyuzi 70 unaingia ndani sentimita 87 tu unapofika sakafu yetu, na kwenye kimo cha mita 1, palipo na vichwa vya mimea, ni sentimita 51. Nusu ya ndani ya roshani iko kivulini saa zile zenye mwanga mwingi kuliko zote. Desemba 21 mambo hugeuka: jua liko nyuzi 23, mwale unapita roshani nzima na kugonga ukuta.

Kwa hiyo ndoo zote zinazotaka jua zimesogezwa kwenye kingo. Dania na spinachi zimerudi ukutani. Sanduku la baridi litajengwa ukutani, penye jua la Desemba na joto kidogo linalovuja kutoka sebuleni. Mwenye roshani isiyo na paa hana shida hii, ila ana ya mvua.

Julai 14

Spinachi imetoa shina la mbegu. Dania pia. Kwa spinachi ni suala la mwanga: ikipata mchana wa zaidi ya saa 14 huona wakati wa kuzaa umefika, na leo mchana ni zaidi ya saa 15. Tumeng'oa. Mchicha ni kinyume chake: aina nyingi huharakisha maua siku zikiwa fupi, kwa hiyo Juni na Julai za huku zinautunza kwenye majani. Unakatwa kwa kisu sentimita 10 kutoka udongoni, unachipua pembeni, unakatwa tena baada ya siku 12 hadi 14. Ndoo mbili zinatoa mboga ya mlo mmoja wa watu wanne kwa wiki.

Nyanya saba zina kitako cheusi kilichodidimia. Ni kuoza kitako. Chokaa ipo ya kutosha kwenye udongo, lakini kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, husafiri na maji, na maji yalikatika. Nyanya moja iliyokomaa hunywa lita 3 au 4 siku ya joto na upepo, yaani hifadhi yote ya ndoo. Wikendi mbili bila kujaza zimetosha kuharibu. Sasa bomba linajazwa kila asubuhi hadi tundu lidondoshe, na chini kuna sahani, maana matone yalikuwa yakitua kwenye kiti cha jirani wa ghorofa ya pili.

Vidukari chini ya majani ya sukuma: sabuni maalumu ya wadudu, mililita 15 kwa lita moja ya maji, jioni, kugeuza jani na kupuliza chini, kurudia baada ya siku tano. Sabuni ya vyombo huunguza majani. Vipepeo weupe wa kabichi nao hupanda hadi ghorofa ya tatu. Wavu ndio dawa. Mbolea ya samaki imeachwa baada ya siku mbili: shakwe waliisikia harufu kabla yetu.

Agosti 10

Joto ni nyuzi 29 na tunasia mboga za Januari. Hesabu inaanza Novemba 5 na kurudi nyuma, kwa sababu kitakachokuwa hakijakua siku hiyo hakitakua tena hadi Februari. Sukuma: siku 60 za kukomaa, ongeza 14 kwa kuwa mwanga unapungua kila wiki, jumla 74, inaangukia Agosti 23. Kwa kuwa miche itahamishwa, na kuhamishwa huidumaza, imewahishwa hadi leo. Spinachi: siku 45 na 14, yaani Septemba 7. Mbegu ya spinachi haioti vizuri kwenye udongo wa moto, kwa hiyo trei itakaa ndani, pabaridi.

Mchicha umeanza kutoa suke. Mchana umekaribia saa 14. Masuke yanapunguzwa kwa vidole lakini mwezi ujao utashinda.

Septemba 21: sanduku

Vipimo: sentimita 120 kwa 60, nyuma kimo 45, mbele 30, ili kifuniko kiiname kulielekea jua la chini. Kuta ni plaiwudi ya milimita 12, ndani povu gumu la sentimita 5. Povu hilo limewekwa chini pia. Sanduku la uani hupata joto la ardhi kutoka chini. La roshani hupulizwa upepo pande sita. Matundu manne ya milimita 12 ya kutolea maji, udongo kina cha sentimita 20.

Kifuniko ni polikaboneti ya tabaka mbili, milimita 6. Mifereji yake inashuka na mteremko, na ncha zimezibwa kwa utepe, la sivyo ndani huota mwani. Upande wenye filamu ya kuzuia jua lisiile plastiki ukae nje. Bawaba mbili, na mkono wa kujifungua wenye nta inayotanuka kwa joto. Mkono huo hauwezi kuzuia upepo. Siku ya tatu kifuniko kilipinduliwa na bawaba moja ikang'oka. Sasa kuna mnyororo.

Siku ya jua, nje nyuzi 8, ndani ilifika 31 kabla ya mkono kurekebishwa ufungue kwenye 15. Miche mingi ya majira ya baridi hufa hivyo: kwa kuiva.

Oktoba 12

Jalidi ya kwanza, yaani baridi ya kugandisha. Matembele yalikuwa meusi tangu wiki iliyopita. Chini ya nyuzi 10 hayavumilii. Vipande sita vilikatwa mapema na viko kwenye gilasi sebuleni. Mnavu na mchicha vimekwisha. Sukuma haijali, baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na ladha ya wiki hii haifanani na ya Julai. Nyanya mbichi zimewekwa ndani ya mfuko wa karatasi, nyuzi 18.

Novemba 6

Mchana umeshuka hadi saa 10 hivi. Ndoo zote zimemwagwa maji, kwani yakiganda hutanuka na kupasua plastiki. Sukuma nne za ndoo zimesukumwa ukutani na kuviringishiwa povu. Mizizi ndani ya chombo huganda mapema kuliko iliyo ardhini, na jani linaweza kuwa zima huku mzizi umekufa. Kwenye sanduku kuna spinachi, Winterbor na kitunguu, na juu yao kitambaa cha pili ndani ya kifuniko.

Januari 19

Alfajiri nje −19, chini ya kitambaa −6. Majani ya spinachi yamelala, yana rangi ya kioo cha chupa. Hayaguswi: jani lililoganda likishikwa, chembe zake hupasuka na hugeuka uji. Saa saba mchana ndani ilikuwa nyuzi 3 na majani yamesimama. Theluji juu ya kifuniko iliachwa usiku wa baridi kali, maana ni blanketi, kisha ikafagiliwa asubuhi. Maji: mara moja kila wiki tatu, lita 2 kwa sanduku zima. Sukuma za ndoo zimekufa, zote nne.

Februari 7

Katikati ya kila spinachi kuna majani mapya, ya ukubwa wa kucha. Yamechumwa ya nje tu, gramu 180. Winterbor sita ziko hai kati ya nane. Mbili za kona ya mashariki zimekufa, na mkono ukipitishwa pale upepo unasikika ukiingia. Utepe wa povu wa kuziba ufa umenunuliwa. Pilipili zinasiwa kesho.